Kompyuta Mbili na Uso Mmoja

Kompyuta zilikuwa mbili, skrini ilikuwa moja, na mama mkwe, ambaye hajawahi kugusa kibodi hata kwa bahati mbaya, ndiye aliyeupa mpango ule jina lake. Siku fundi alipomaliza kuunganisha nyaya, bibi yule alikuja sebuleni, akauliza ipi ni ya nani, akaelezwa, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa huu si ni ukewenza?" alisema. "Bwana mmoja, wake wawili, na zamu. Mtanikumbuka."

Hakukosea sana. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya ofisi. Ililetwa bila skrini wala spika, imebandikwa karatasi za lakiri ili mtu asiifungue, pamoja na mkataba wa kurasa nne. Hiyo ilikuwa ya mke wa nyumba, ambaye majirani walimwita Mama Vidole kwa jinsi alivyopiga chapa: ukiwa nje ya dirisha ungedhani mvua imeanza juu ya bati. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao, hasa vya waajiri na wafanyakazi waliokosana, na kuandika kila neno lililosemwa. Kompyuta ya pili, boksi kuukuu lenye ubavu uliofungwa kwa utepe, ilikuwa ya mumewe, Mwalimu, mtoto wa bibi yule, aliyefundisha hesabu kwa mtandao watoto tisa, kila siku ya juma isipokuwa Jumapili, kuanzia saa kumi alasiri.

Fundi aliweka katikati yao kijisanduku chenye kitufe kimoja. Ukikibonyeza, skrini na kibodi vinaiacha kompyuta hii na kwenda kwa ile. Spika ndizo hazikuingia kwenye zamu. Kijisanduku hakikuwa na tundu la sauti, basi fundi akatafuta waya wa panda, akazifunga kompyuta zote mbili kwenye spika zilezile moja kwa moja. "Spika hazina wivu," alisema akikusanya bisibisi zake. "Yeyote atakayesema, zitamtoa."

Kwa hiyo nyumba ikajitungia sheria. Anayetoka kwenye kiti sharti aifunge kompyuta yake, na kama ni Mama Vidole, alisukume ukutani lile kanyagio lake la chini ya meza, ambalo ukilikanyaga rekodi inasema, ukiinua mguu inanyamaza. Kisha aseme, "Nimetoka." Anayeingia ajibu, "Nimeingia." Mama mkwe aliwacheka kwa hilo pia, akasema hata walinzi wa benki hawapokezani lango kwa mbwembwe hizo. Lakini miezi saba ilipita bila neno la ofisi kupotea njia.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ofisi haikulijua. Mkataba ulisema rekodi zisikilizwe kwa hedifoni tu. Mama Vidole alizivaa mwaka mmoja na nusu, saa tisa kwa siku, mpaka sikio la kushoto likatunga usaha na daktari akamwambia achague: hedifoni au sikio. Alichagua sikio, akanyamaza. Ofisi gani ingembakisha msikilizaji mwenye sikio bovu? Tangu hapo alifunga madirisha, akavuta pazia, akapunguza sauti na kusikiliza kwa spika, peke yake, kama mtu anayekula kitu asichotaka kugawa. Na kila mwisho wa kazi, fomu ya ofisi ilipomwuliza, "Je, rekodi hii ilisikika na mtu mwingine yeyote?" alibonyeza Hapana. Na ilikuwa kweli.


Jumamosi ile alikuwa na rekodi ya kikao cha nidhamu. Mtunza stoo mmoja alituhumiwa kwa mabunda ya waya wa shaba yaliyotoweka. Majina yalikuwa yameondolewa. Palikuwa na "Mwenyekiti" na "Mfanyakazi" tu. Kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi, na kuna mahali pamoja palipomshinda. Mfanyakazi alikuwa akilia, Mwenyekiti akisema kwa wakati uleule, na kati ya vilio kulikuwa na maneno ambayo hakuyapata.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kalamu sikioni.

"Saa kumi kasoro nne."

"Naiona saa."

"Unaiona, lakini hunyanyuki."

"Dakika moja. Huyu baba anaongea chinichini, nimerudia mara sita."

"Dakika zako huwa zinazaa, mama. Juzi nilichelewa mbili tu, Bwana Dakika akanianika kwenye kundi la wazazi, watu wote wanasoma. 'Mwalimu asiyejua saa atafundishaje hesabu?' Unataka anianike tena leo?"

Bwana Dakika ni jina walilompa wenyewe. Alikuwa mzazi wa binti mmoja wa darasa lile, mtoto aliyeuliza mno mpaka Mwalimu akamwita Bi Maswali. Baba mtu hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa ujumbe wake mfupi na kwa sifa alizopewa na bintiye: kwamba akikohoa tu mlangoni, nyumba nzima inakaa sawa.

"Kwa hiyo nilipoteze neno la mtu kwa sababu ya saa ya mtu mwingine?" aliuliza Mama Vidole.

"Masikio yako yangekuwa mazima tusingegombea spika."

Alijuta kabla hajafunga mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Vidole aliinuka. Hakuifunga kompyuta. Hakulisukuma kanyagio. Hakusema ametoka. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua bomba na kuanza kuosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa. Mwalimu naye alibonyeza kitufe, skrini ikaja kwake, akaketi bila kusema ameingia. Ungeingiaje mahali ambapo hakuna aliyeaga?

Kutoka jikoni mke alimsikia akianza. Salamu, majina, kisha robo tatu. Mwalimu alikuwa na tabia ya kudunda mguu chini kila anapohesabu, tabia iliyomtobolea zulia tangu siku za ubao na chaki. Moja juu ya nne, dundu. Mbili juu ya nne, dundu. Tatu juu ya nne.

"Mwenyekiti, naomba. Miaka kumi na tisa, Mwenyekiti."

Sahani ilimponyoka. Sauti ile alikuwa nayo tangu asubuhi, angeitambua hata usingizini. Alikimbia na mikono yake ya mapovu. Mwalimu alikuwa akitwanga kibodi ovyo, lakini kibodi ilikuwa kwenye kompyuta yake, na iliyokuwa ikisema ni ile nyingine. Akabonyeza kitufe, skrini ikawa nyeusi, inatafuta. Akabonyeza tena. Na kadiri alivyotaharuki ndivyo alivyokaza mguu, kanyagio likiwa chini ya kisigino chake.

"Nikateni mshahara," spika zilisema. "Nipeni hata ufagio nifagie yadi. Nina mtoto..." Kisha kiti kikasukumwa, kikafuata kishindo, na sauti nyingine iliyochoka: "Inuka, mzee. Inuka bwana, hatupigiani magoti hapa."

Mama Vidole aliingia chini ya meza, akaukamata mguu wa mumewe kwa mikono miwili na kuuinua.

Rekodi ikakatika. Kisha kwenye spika zilezile, sauti ya mtoto.

"Mwalimu? Huyo ni baba."

Mwalimu alisogelea skrini. "Ni... ni mchezo wa redio, mwanangu. Jirani amefungulia redio."

"Anajua kulia huyo!" alisema mtoto mwingine, na watatu wanne wakacheka.

Bi Maswali hakucheka. "Baba huwa halii," alisema, na kidirisha chake kikatoweka darasani.


"Watoto tisa," alisema mama mkwe walipomweleza. "Hao ni wazazi kumi na wanane, bado mashangazi. Mimi nilisema mtanikumbuka, lakini sikutaka mnikumbuke hivi."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi. Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa mwongo. Ule mchezo wa redio ulimtoka kama chafya, na sasa alijaribu kuulea.

"Imeshakuwa redio, tuiache iwe redio. Watoto husahau."

"Yule hatasahau," alisema mkewe. "Na fomu je?"

"Bonyeza kama siku zote."

"Siku zote haikuwa uongo."

"Wakiichukua ile kompyuta tutakula nini? Robo tatu?" Alisema hivyo kisha akashusha sauti. "Na lile neno la sikio..."

"Acha."

"Sikulimaanisha."

"Ulilimaanisha kidogo. Acha tu."

Mama mkwe aliwatazama wote wawili, akaenda kukusanya vipande vya sahani mwenyewe, ingawa mgongo ulikuwa ukimsumbua.


Jumapili, saa mbili kamili asubuhi, wala si moja na dakika hamsini na tisa, mlango uligongwa. Mama Vidole alikuwa amejiandaa kumwona pande la mtu. Mlangoni palisimama baba mfupi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, kofia kaishika kifuani. Alimtambua aliposema hodi.

Alikaribishwa barazani, akaketi nusu ya kiti. Hakutaka chai. Mama mkwe alimpa pole ya safari, mgeni akasema amekuja kwa miguu, si mbali. Mwalimu akajikohoza.

"Mzee, lile la jana, unajua majirani zetu hawa na redio zao..."

"Ndivyo alivyoniambia mwanangu," alisema mgeni. "Kaja mbio: 'Baba, siku hizi unaigiza kwenye redio?' Nikamjibu ndiyo. Sijawahi kumdanganya yule mtoto, hata kuhusu jino la kung'oa. Nikasema ndiyo. Basi akafurahi." Aliizungusha kofia mikononi. "Akaniomba nimwonyeshe nilivyopiga magoti."

Hakuna aliyeweza kumtazama.

"Si redio, mzee," alisema Mama Vidole. "Ni mimi."

Mwalimu aligeuka, lakini mkewe alishaanza na hakuacha kitu. Alieleza kazi yake, rekodi, spika zisizo na zamu, kanyagio, ugomvi wa dakika nne. Alieleza hata sikio. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja mbele ya mtu asiye wa nyumba ile wala daktari.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo kazi yako iko mikononi mwangu, na yangu iko kwenye vidole vyako."

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Wanaoamua hawakuwepo kwenye kikao. Watasoma karatasi zako tu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tusaidiane, mama. Andika yote waliyoniuliza na yote niliyojibu. Lakini pale," na hapo sauti iliyokalisha sawa nyumba nzima ikapungua mpaka ikabidi mama mkwe ainame kuisikia, "pale nilipoanguka, pafute. Ni mistari mingapi? Sitaki watu nisiowajua wasome nikiomba ufagio. Ukifuta pale, mimi sikusikia lolote, na mwanangu alisikia redio."

Mwalimu alimtazama mkewe kwa macho yaliyosema kubali. Na kwa kweli lilikuwa jambo dogo, mistari minne, labda mitano. Moyo wa Mama Vidole ulikuwa umeshakubali; alimwonea huruma mzee yule. Lakini vidole vyake havijawahi kuruka neno.

"Nipe dakika tano," alisema. Akaongeza upesi, "Tano za kweli."

Aliingia sebuleni, akafunga mlango, akabonyeza kitufe, skrini ikaja kwake. Akapunguza sauti mpaka karibu na mwisho, akaliegemeza sikio lake zima kwenye spika, shavu kabisa, na kukanyaga kwa ncha ya mguu. Nina mtoto. Kishindo. Inuka, mzee. Na chini ya hiyo inuka, mle alimoshindwa mara sita, kulikuwa na maneno. Akarudisha. Akarudisha tena. Hakuhitaji mara ya tatu.

Alirudi barazani dakika ya nne.

"Mzee, stoo yenu ina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mwingine anao meneja wa yadi."

"Uliwaambia?"

Mtunza stoo alifikiri. "Sikumbuki nilichosema, mama. Nilikuwa nalia."

"Ulisema. Ulisema ukiwa chini, kwenye magoti, 'Ufunguo wa pili anao meneja wa yadi, mwulizeni na yeye.' Mwenyekiti anakwambia inuka, anakufunika. Rekodi nzima ni saa moja na nusu, na hakuna mahali pengine unapoutaja. Ni pale tu." Alijikuta amepiga magoti mwenyewe karibu na kiti cha mgeni, ili amsemeshe usoni. "Nikiyafuta magoti yako, nafuta na ufunguo."

Kofia ilizunguka mara moja, ikasimama.

"Hakuna namna ya kuacha kimoja?"

"Lingekuwa neno langu, si lako. Mimi naandika yaliyotoka tu."

Mzee yule akainuka, akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Basi andika," alisema. Alipopiga hatua mbili akageuka. "Na mimi kuhusu wewe sitasema kitu."

"Asante, mzee. Lakini fomu itaniuliza."


Saa sita mchana alikuwa amemaliza. Aliandika kilio, aliandika ufagio, aliandika ufunguo. Kisha fomu ikaja. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mahali palepale pa jana, ila sasa hakutazama saa.

"Ukibonyeza Ndiyo wataichukua."

"Najua."

"Na mwenyewe ameahidi kunyamaza."

"Watoto wanane hawakuahidi. Siku ikijulikana kwamba nilisema uongo hapa, wataziita karatasi zote za uongo. Na ufunguo utaitwa hivyohivyo." Aliinua uso kumtazama. "Kazi ya mtu wa miaka kumi na tisa, baba watoto. Mimi nina miwili."

Mwalimu aliweka mkono begani pake. Hakusema bonyeza, lakini hakuuondoa. Mama Vidole akabonyeza Ndiyo, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika yote, sikio likiwa la kwanza. Akaifunga kompyuta. Akalisukuma kanyagio ukutani.

"Nimetoka," alisema.




Gari la ofisi lilikuja Jumatano. Msimamizi alikuwa mama mpole mwenye faili, akitia alama kila kitu kilipobebwa: kompyuta, waya wa umeme, kanyagio. Alikagua lakiri moja moja mbele ya majirani waliokuwa wamesogea kutazama, kana kwamba aliyekuwa nayo angeweza kuiba kilichomo.

"Ungetuambia tu kuhusu sikio," alisema kwa upole.

"Ningewaambia, mngenibakisha?"

Msimamizi alisoma faili lake kwa makini sana. "Weka sahihi hapa," alisema.

Gari lilipoondoka, mama mkwe alisimama mbele ya meza iliyobaki na upande mtupu wenye vumbi la mraba. "Mke mkubwa kaachika," alisema, kisha akaona uso wa mkwewe, akamshika mkono. "Mwanangu, mdomo wangu huu. Njoo tunywe chai."

Bi Maswali hakuonekana darasani Jumatatu, wala Jumanne, wala siku zilizofuata. Mwalimu aliita jina lake kila siku, akasubiri kidogo, akaendelea. Jumamosi ilipofika aliketi kwenye kiti saa kumi kamili, na kwa mazoea ya miezi saba akabonyeza kitufe. Skrini ikahamia upande usio na kitu, ikawa nyeusi. Alipogundua, akarudisha, akaisubiri, akafungua darasa, akaanza kwa kuhema.

"Mwalimu." Ilikuwa sauti nzito, imenyooka. Spika zilitetemeka kidogo. "Umechelewa dakika mbili."

Jikoni Mama Vidole alisimama na kitambaa mkononi.

"Samahani, mzee," alisema Mwalimu.

"Mtoto yupo. Tumeketi hapa tangu saa kumi kasoro tano." Kisha akauliza, "Mama yupo?"

"Yupo, mzee."

"Mwambie meneja wa yadi kaitwa Alhamisi. Sijui watasema nini. Lakini kaitwa." Nyuma yake kulisikika minong'ono ya darasa. "Najua wanafunzi wenzake wanasikia. Wasikie. Haikuwa redio, ilikuwa mimi. Binti yangu nimemweleza mwenyewe, na ana swali."

"Uliza, Bi Maswali," alisema Mwalimu.

"Si la hesabu." Sauti ya mtoto ilikuwa ndogo, lakini haikuogopa. "Ni la mama aliyeandika. Uliandika kwamba baba alipiga magoti?"

Mama Vidole alikuwa ameshafika mlangoni, sikio lake zima limeelekea spika. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Niliandika, mwanangu. Na niliandika alichosema alipokuwa chini. Hicho ndicho walichokisoma."

Hakuna mtoto aliyecheka. Ilipita dakika nzima, au labda haikufika dakika. Bwana Dakika ndiye angejua.

"Basi sawa," alisema mtoto. "Mwalimu, tuliishia kwenye robo tatu."